Jibu la Njiani

Vespa yake alikuwa haiegeshi mlangoni kwa mtu. Hata mvua ya masika iwe inamwagika na nyumba tunayokwenda ina uwanja wa kutosha malori, yeye ataizima mbali, penye duka au kando ya ukuta wa skuli, tushuke tuende kwa miguu. Mara ya kwanza nilidhani ni ubahili wa mafuta. Mara ya pili nikadhani ni maringo, kwamba anataka watu wamwone anavyotembea, maana alikuwa mtu wa kujipenda: shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, kofia ya kiua iliyokaa sawasawa, na viatu vya ngozi ambavyo aliyevishona hakuyawaza hata kidogo matope ya Pemba. Nikamnung'unikia Mbarouk, mwenzangu wa kazi, kwamba huyu mkuu wetu atatumaliza miguu. Mbarouk alikuwa amenitangulia kituoni. Akaniambia, "Weye ngoja tukitoka. Utaiona kazi yenyewe."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kwetu mgeni haachwi akatoka peke yake. Akishaaga, mwenye nyumba hujitupia kanga au huvaa ndara zake, akatoka naye, wakenda wakizungumza mpaka penye njia kubwa, na hapo ndipo wanapoagana kweli. Ndani ya nyumba ni mahali pa kushukuru. Utatandikiwa mkeka, utapewa chai ya mchaichai, na ukiuliza habari za kilimo, za maji, za watoto skuli, utajibiwa alhamdulillahi, hatujambo, tunashukuru. Hakuna anayekudanganya. Ni adabu tu, huwezi kumtwika mgeni shida zako naye hajamaliza kikombe. Lakini mgeni akishanyanyuka, heshima yake ameshaipata, na nyote wawili mnatazama njia badala ya kutazamana usoni, mtu husema. Kwa hiyo alitaka njia iwe ndefu. Vespa ikiwa mbali alisikia mengi, ikiwa karibu alisikia machache.

Yale ya ndani aliyaita jibu la mkekani. Ya nje aliyaita jibu la njiani. Kituoni kwetu, vyumba vichache vya utafiti wa sera juu ya duka la vitambaa pale Chake Chake, maneno hayo yakawa lugha ya kazi. Mimi nikimpelekea rasimu yangu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Huyu kayasema haya wapi?" Nikisema mkekani, anairudisha bila kuisoma. Na njiani kalamu ilikuwa haramu. Aliwahi kuona nimetoa kalamu wakati bibi mmoja wa Vitongoji anatueleza kwa nini kisima chao kimefungwa, akanitazama kwa jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka najikunyata. Bibi naye alipoiona kalamu akanyamaza, akasema, "Lakini tunashukuru." Tulipofika kwenye Vespa mkuu akanifokea, "Umemrudisha mkekani, mwanamke wewe! Umemkamata mkono ukamrudisha!"

Vijijini walimwita Bwana Utafiti, nami nitamwita hivyo. Jina lake halisi si la kuandikwa hapa, na kwao ni wapi, na ni mtoto wa nani, hayo wanayajua wanaomjua.

Alikuwa mkali, tena mkali wa kuudhi. Aliwahi kuichana kazi yangu ya wiki nzima mbele ya watu, akasema hata karatasi yenyewe inaona haya. Nikalia msalani. Asubuhi yake nilikuta juu ya meza yangu mkate wa kumimina bado una moto, umefungwa gazeti, na yeye yupo chumbani kwake anajifanya anazungumza kwa simu. Hakuomba radhi siku ile wala siku nyingine, na kila alipotufokea tulijua kesho tutakula mkate. Mbarouk alikuwa akisema, nimeona njaa leo, ngoja nimchokoze mzee.

Tena alikuwa mwoga wa bahari, mtu aliyezaliwa kisiwani. Boti ya Unguja aliipanda kwa kuwa hana hila, na akishakaa alifumba macho tangu nanga inang'olewa, mkono mmoja tasbihi, mkono mmoja mfuko wa plastiki, na ole wako umsemeshe. Siku moja pale Wesha tulitakiwa tuvuke kwa mtumbwi kwenda kuwahoji wavuvi ng'ambo. Yeye akabaki gatini, amesimama na viatu vyake vinavyong'ara, akitupigia kelele tuulize hili na lile mpaka sauti yake ikapotea. Tulicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya bahari, namna inavyopanda kwenye mabonde ya mpunga. Mbarouk akisema anaifuatilia kwa sababu inamtisha, na nadhani alisema kweli.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha kwetu.

Kwetu ni upande wa Gando. Mama yangu ana konde ya mpunga bondeni, aliirithi kwa mama yake, na tangu nipate akili wali wa nyumba ile ulitoka pale. Sikumwambia Bwana Utafiti kwamba ni mama yangu mpaka tulipofika uani. Akanitazama, akasema, "Basi leo wewe huna mdomo." Akakaa mkekani. Akauliza salamu zote mpaka za mbuzi. Kisha akauliza mpunga.

"Mpunga u mzuri, alhamdulillahi," akasema mama. "Tunashukuru."

Nilikuwa najua kwamba mwaka ule mama alivuna makapi. Ghala la mama nililiona kwa macho yangu. Nikakohoa, na Bwana Utafiti akanikanyaga kidole. Akanywa chai, akaongezwa, akala muhogo, akaomba ruhusa ya kuondoka. Mama akachukua kanga yake, akatoka naye, mimi nyuma yao. Tulipofika pale njia inapolipita bonde, mama akasimama. Akainama, akachukua udongo kidogo kwa vidole, akamnyooshea.

"Onja."

Yule mtu wa viatu vya ngozi akaupokea udongo ule, akautia ulimini. Nilimwona anakunja uso.

"Chumvi," akasema.

"Basi ndo hivyo. Maji ya bamvua yakija makubwa, yapita pale ilipokatwa mikoko, yaingia hino konde, yalala. Yakitoka yaacha hiyo chumvi. Miye nnalima makapi, mwanangu. Kaka zangu wanambia niache, nkalime muhogo juu. Lakini konde ya mama'angu ntaiachaje?"

Walitembea kidogo. Kisha akasema, na mimi nilikuwa karibu ya kutosha kusikia kila neno, "Hapa panataka tuta na mlango wa maji. Si kazi kubwa. Mama, mimi nitalifuatilia hili mpaka nilione kwa macho yangu."

"Inshaallah," akasema mama.

Mama si mtu wa kuamini upesi watu wenye makaratasi. Lakini usiku ule, nimesharudi Chake, alinipigia simu akaniuliza kama yule bwana ana mke, ana watoto, anaswali, na nikajua kwamba ameamini.

Aliandika ripoti nzuri kuliko zote nilizopata kuziona. Alikwenda mabonde mengine, aliongea na watu njiani mpaka viatu vikachanika, akaandika kwa Kiswahili ambacho hata mama angesomewa angekubali kwamba ni yeye anayesema. Ikapelekwa Unguja, ikasomwa kwenye ukumbi wa hoteli wenye baridi la mashine, mbele ya watu waliovaa vizuri kuliko yeye. Nilikuwapo. Walimpigia makofi. Mkubwa mmoja akasema ni ripoti ya kupigiwa mfano. Baridi lilipozimika kwa umeme kukatika, nikawaona wakubwa wale wanajipepea na ripoti ile. Baada ya chakula, nakala nyingi zilibaki vitini, na Bwana Utafiti alizipitia moja moja akazikusanya, akazitia kwenye mkoba, akarudi nazo Pemba amefumba macho.

Baada ya hapo alibadilika. Alikuwa akichukua ripoti za miaka ya nyuma kabatini, anafungua ukurasa wa mwisho tu, anasoma, anarudisha. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Kila moja inaishia pahala pamoja," akasema. "Inapendekezwa. Inapendekezwa tuta, inapendekezwa kisima, inapendekezwa walimu. Nimechoka kupendekeza, Bi Mdogo. Nataka niende kukaa upande ule unaopendekezewa."

Bi Mdogo ni mimi. Hakuwahi kuniita kwa jina.

Nafasi ilipotoka serikalini, ya kusimamia mipango ya maendeleo upande wetu wa kisiwa, aliomba, na kwa maajabu akapewa. Tulimfanyia kahawa na halua ya Wete mle mle chumbani, madirisha wazi, kelele za soko zinaingia. Mwenye duka la vitambaa chini, mzee wa Kihindi aliyekuwa akimvumilia kwa kuchelewesha kodi, akapanda ngazi kwa taabu kuja kumpa mkono. Nikamwambia Bwana Utafiti, "Unatuacha."

"Siwaachi. Nakwenda kukaa ng'ambo ya meza, ili mkileta kitu kuwe na mtu wa kukipokea."

Mbarouk akamuuliza, mdomo umejaa halua, "Na njiani utapita saa ngapi, mkuu?"

"Njia ipo pale pale," akasema. "Haihami."

Mama alipopata habari alifurahi furaha ambayo inaniuma kuikumbuka. Mwaka ule alikuwa keshakubali kwa kaka zake kuiacha konde. Alikuwa hata keshapanda muhogo kidogo kule juu. Akaugeuza uamuzi wote. "Sasa tuta limepata mwenyewe," akasema, akatafuta mbegu, akalima bonde zima, kwa mgongo ule ule unaomuuma, na kaka zake walipomcheka akawaambia kwamba mwanawe wa serikali keshaahidi. Akampelekea na kikapu cha muhogo na maembe mabichi. Bwana Utafiti akala maembe ya kutiwa chumvi na pilipili kwenye afisi yake mpya, mbele ya katibu wake, na akanipigia simu kunieleza.

Sasa vijijini wakamwita Bwana Mipango. Mimi ulimi haukukubali.

Mwanzoni alijaribu. Nalisema hili kwa haki yake, na ninalishuhudia. Alipewa gari ya serikali na dereva, naye akamwambia dereva aegeshe skuli, yeye ataingia kijijini kwa miguu kama kawaida yake. Dereva akatii kwa muda, kisha akalalamika kwa wakubwa zake, kwamba gari haiwezi kuachwa peke yake kichakani, na kama itakwanguliwa nani atajibu. Ikaja amri. Kisha wakaanza kwenda naye watu wengine, wa afya, wa ujenzi, wa mazingira, na hao hawakuwa na sababu ya kutembea juani. Kisha kila ziara ikawa na ratiba, vijiji vingi kwa siku moja, na kutembea kukawa ni kuchelewesha wenzako. Hakuna siku aliyoamua kuacha. Nilimwona kwa macho yangu anavyoacha, kidogo kidogo, na wala hakuonekana kama anaumia.

Mavazi nayo yakabadilika, shati likawa suti ya mikono mifupi yenye mifuko mingi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue viatu vyake havikuwa na hata chembe ya tope. Na maneno yakabadilika. Mtu aliyekuwa akiuliza nani kasema na kasemea wapi, sasa alisema wadau, changamoto, mchakato. Nikimpigia kumuuliza tuta, alijibu, "Liko kwenye mpango." Mwaka ukapita. "Liko kwenye mpango wa mwaka ujao." Ukapita na huo. Mama akalima kila mwaka.

Siku moja niliingia afisini kwake bila miadi, katibu ananiita nyuma, nikafunga mlango nikamwambia maneno ambayo sikuwahi kuthubutu kumwambia. Nikamwambia mama yangu analima kwa ajili ya mdomo wako. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amenenepa, na macho yamechoka.

"Wewe unadhani kuna anayekataa," akasema. "Ningempata anayekataa ningegombana naye, hilo naliweza, unanijua. Hakuna. Nikilipeleka, kila mtu anasema ni jambo zuri, ni jambo muhimu. Linakubaliwa, Bi Mdogo. Kila mwaka linakubaliwa."

Kesho yake niliutazamia mkate mezani kwangu kituoni, upumbavu tu, kwani hakunifokea na wala hakuwa mkuu wangu tena. Haukuwapo.

Hapo ndipo yakaja yale ya soko.

Walikuja wageni, wa wizara pamoja na wafadhili, na walikuwa na mradi mkononi tayari: soko la samaki la kisasa. Walikuwa bado hawajaamua liende wapi. Na masharti yao yalikuwa kwamba wananchi wenyewe waseme wanataka nini kwanza. Sheha wetu akaita kikao skuli. Mimi nilikuja kutoka Chake kwa ajili hiyo, na mama alikaa mstari wa mbele na kanga mpya. Nilimwambia, mama, leo ndiyo siku yenyewe, sema tuta. Akasema, "Nitasema."

Magari yalikuja mpaka mlangoni mwa darasa, mstari mrefu, ya mwisho mpaka ikazuia njia ya kwendea kisimani. Bwana Utafiti alishuka, akatusalimu wote, akamshika mama mkono kwa mikono miwili. Wageni wakakaribishwa madafu. Mmoja akasimama akaeleza soko, kwa upole sana, na picha zake nzuri za rangi. Kisha akauliza, je, wananchi mnaonaje, mna jambo lolote linalotangulia hili?

Nikamtazama mama. Namjua, na nilimwona anatafuta pa kuanzia. Lakini angeanzaje? Watu wametoka mbali, wamekuja na zawadi, wameishika mkononi, madafu hayajamalizika, na yeye asimame mbele yao aseme hiki mlicholeta siyo? Hata mimi niliyesoma nisingeweza. Akasimama mzee mmoja wa kijijini, akamshukuru Mungu, akawashukuru wageni, akasema tumefurahi sana na soko tunalipokea kwa mikono miwili. Watu wakaitikia. Mama naye akaitikia.

"Na wewe mama?" akauliza mgeni, maana alimwona yuko mbele.

"Tunashukuru," akasema mama.

Bwana Utafiti alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya mgeni. Katika watu wote waliokuwamo mle, wa kisiwani na wa nje, hakuna aliyejua zaidi yake lile lilikuwa jibu gani. Yeye ndiye aliyetufundisha. Nikamkazia macho mpaka akaniona. Alichotakiwa kufanya ni kusema, jamani, kabla hatujapanda gari tutembee kidogo mpaka bondeni. Wageni wangependa, wangepiga na picha. Mama angechukua kanga yake, angetembea nao, na pale penye konde angesimama. Akatazama saa yake. Akasema kwamba kikao kimefikia mwisho na msafara unatarajiwa Wete.

Watu wakanyanyuka kuwasindikiza wageni, na safari ya kuwasindikiza ikawa ni kutoka darasani mpaka mlango wa gari. Mama alifungua mdomo. Nilimwona. Dereva akawasha, milango ikagongwa, na vumbi likatufunika sote na kanga mpya ya mama.

Nilimfuata afisini kesho yake. Nikamwambia, "Umeandika nini kwenye taarifa?"

"Nimeandika walichosema."

"Wamesemea wapi?"

Akasema, "Msafara haungoji mtu, Bi Mdogo," na akaanza kupanga makaratasi ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Nikatoka. Ile ndiyo mara ya kwanza niliyomchukia, na nilitaka sana nisimchukie.

Soko lilijengwa. Lina mabati ya buluu na meza za vigae, na mbuzi wa kijiji wanalala humo wakati wa jua, kwa sababu wavuvi wetu samaki wao huuza pale pale wanaposhukia. Na kwa kuwa shehia yetu imeshapata mradi wake, tuta likatolewa kwenye mpango ili na wengine wapate. Bahari ikaja. Bamvua ya mwaka uliofuata iliingia bondeni ikakaa, na ilipotoka iliacha konde nyeupe, haioti hata majani ya ng'ombe. Mama alikwenda kuitazama mara moja. Aliporudi alitundika jembe ukutani, na wali wa nyumba ile sasa unanunuliwa dukani kama wa watu wa mjini.

Mimi bado nipo kituoni. Mbarouk ameondoka, anauza simu Unguja. Mimi naandika. Ripoti zangu zinaishia pale pale zilipoishia zake, na nikifika ukurasa wa mwisho mkono unakuwa mzito, naenda dirishani kutazama soko la Chake, narudi, naandika inapendekezwa. Sioni njia nyingine. Niliyemwona akiitafuta njia nyingine, najua ilikomfikisha.

Mara ya mwisho nilimwona Idd iliyopita, iliyoangukia Ijumaa, baada ya swala ya mchana, kwetu. Nilikuwa uani namsaidia mama kusafisha mchele wa dukani. Tukasikia hodi, na hatukuwa tumesikia gari. Amesimama pale mlangoni mwa ua na shati la mikono mirefu na kofia yake ya kiua, na viatu vya ngozi vimejaa tope mpaka kwenye kamba. Ameegesha skuli. Nilijua hapo hapo, bila kuambiwa. Dereva hakuwa naye.

Mama akamkaribisha vizuri kabisa. Akatandika mkeka, ule mzuri. Akatia chai ya mchaichai, akamwekea mkate, akamuuliza mke na watoto. Yeye naye akauliza salamu zote mpaka za mbuzi. Kisha akakishika kikombe kwa mikono miwili, akauliza kwa sauti ndogo, "Na konde, mama? Konde vipi?"

"Alhamdulillahi," akasema mama. "Tunashukuru."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza tena. Akamaliza chai yake, akaongezwa, akaimaliza na hiyo. Alikuwa anakwenda hatua kwa hatua, kama alivyotufundisha, hana haraka, na mimi nikaona kwamba amekuja kuambiwa. Angalau hilo amelitaka. Amekuja atembee na mama mpaka pale bondeni, asimame, aambiwe yote usoni, hata matusi.

"Mama, naomba ruhusa."

"Haya mwanangu. Wasalimie nyumbani."

Akavaa viatu taratibu, akifunga kamba, akifungua, akifunga tena. Akasimama uani. Mama hakunyanyuka. Alikuwa ameurudisha ungo mapajani, anachambua mchele, na kanga yake ipo pale pale juu ya kamba ya nguo. Bwana Utafiti akaitazama ile kanga. Sijapata kuona katika maisha yangu mgeni akatoka nyumba ile peke yake, hata wauza mitumba mama huwatoa mpaka njiani. Nikashindwa kustahamili, nikanyanyuka.

"Wenda wapi?" mama akaniuliza.

"Namsindikiza."

"Kaa kitako. Ntu wa serikali ana gari."

Alisikia. Alikuwa karibu mno asisikie. "Gari iko mbali, mama," akasema.

Mama akapuliza makapi kwenye ungo.

"Itakuja," akasema.

Alingoja kidogo pale uani, kisha akatoka. Kutoka tulipokaa njia inaonekana yote mpaka inapolipita bonde, na nilimwona anakwenda peke yake, polepole, upande mmoja wa njia, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kutembea kando yake. Penye konde yetu akasimama. Akageuka kutazama nyuma, nyumbani kwetu, akakaa hivyo kwa muda. Nikamtazama mama. Alikuwa ameinamia ungo wake na hakuinua uso. Nilipogeuka tena alikuwa ameshapita. Mama akanituma nikakioshe kile kikombe.